Valiamu, tramadoli na arosto: maswali tunayoulizwa kaunta, Dodoma

Wengi mnaniita dokta. Mimi ni mfamasia, nimesimama nyuma ya kaunta hapa mjini kwa miaka kadhaa, na kuna swali moja linalonirudia kwa sura nyingi. Mtu anakuja na pakiti tupu ya diazepamu, anasubiri foleni ipungue, anainama kidogo kuelekea dirishani: "Dada, nipatie tramadoli, nataka kuacha hizi." Majibu haya nimeyaandika kwa ajili ya yule anayeona aibu kuuliza mbele ya watu. Hayachukui nafasi ya daktari anayekujua.

Nikisema Valiamu, nina maana ya jamii nzima ya benzodiazepini, dawa za kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi: diazepamu yenyewe, lorazepamu, klonazepamu, alprazolamu, bromazepamu. Nikisema dawa za jamii ya afyuni, nina maana ya dawa za maumivu kama tramadoli, kodeini, mofini na pethidini, pamoja na methadoni na heroini ya mtaani. Na arosto ni yale mateso yanayompata mtu akikosa au akiacha dawa ambayo mwili umeizoea.

Kama sasa hivi kuna mtu pembeni yako aliyemeza vyote viwili na anakoroma vibaya au haamki, usianzie hapa juu. Shuka hadi swali linaloanza na neno "Ameshachanganya".

Nimeacha Valiamu, usiku wa tatu sijalala. Nimeambiwa tramadoli inamaliza hiyo arosto. Ni kweli?

Hapana. Ubongo una breki yake, kemikali inayoitwa GABA, na Valiamu kazi yake ni kuikaza breki hiyo. Ukiimeza kila siku kwa wiki na miezi, ubongo unazoea kusaidiwa na unalegeza breki zake wenyewe. Siku unapoacha ghafla, gari liko mteremkoni na breki hazishiki: moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, jasho, usingizi unakataa, taa inaumiza macho, mlango ukibamizwa unaruka. Wengine wanapata kifafa.

Dawa za jamii ya afyuni haziigusi breki hiyo. Zinaingilia mlango mwingine kabisa, vipokezi vinavyohusika na maumivu, raha na pumzi. Anayemeza tramadoli kutuliza arosto ya Valiamu ni dereva wa lori aliyegundua breki zimekufa katikati ya milima ya Kolo, njia ya Babati, akaongeza sauti ya redio. Mlio wa matairi hausikii tena, lakini lori bado linashuka.

Miongozo ya tiba ya kuacha benzodiazepini inataja kupunguza polepole dawa ileile, au nyingine ya jamii yake. Afyuni haimo.

Mbona mimi nilimeza nikapata nafuu?

Sikubishii. Afyuni zinatuliza, zinapasha mwili joto, zinaleta usingizi. Tramadoli inaongeza na jingine: inapandisha serotonini na noradrenalini, kemikali ambazo dawa za sonona nazo huzigusa, kwa hiyo mtu anaweza kuhisi amechangamka. Mtu ambaye hajalala siku tatu akipewa kitu cha namna hiyo atakwambia amepona.

Nafuu hiyo ndiyo inayonitisha. Kijana mmoja aliyekuwa akibeba mizigo ya Soko la Majengo kwa pikipiki alinisimulia habari yake bila kuficha. Alianza na vidonge viwili vya tramadoli usiku ili aache diazepamu. Mwezi wa kwanza aliona ameshinda. Mwezi wa tatu alikuwa anameza asubuhi, mchana na usiku, na kila akikosa anapata mafua, kuhara, viungo kuuma na miguu isiyotulia kitandani. Diazepamu nayo alikuwa ameirudia, kwa sababu tramadoli peke yake haikumpa usingizi tena. Alipokuja kwetu alikuwa na arosto mbili, na kila moja inataka ngazi yake ya kushukia. Aliniuliza aanze kuacha ipi. Lilikuwa swali zuri, na nilimwambia hilo si la kaunta, ni la daktari wa magonjwa ya akili. Alikubali kwenda.

Hatari yenyewe ni ipi hasa? Watu wanameza na wanaishi.

Wanaishi hadi siku wasipoishi. Hatari ni mbili, na zinavuta pande tofauti, ndiyo maana watu wanachanganyikiwa.

Ya kwanza ni pumzi. Ukilala, hukumbuki kupumua. Kuna sehemu kwenye shina la ubongo inayokukumbusha. Afyuni inailaza sehemu hiyo. Benzodiazepini inailaza kwa njia yake. Kila moja peke yake, kwa dozi ya kawaida, mwili wa mtu mzima mwenye afya huwa unahimili. Zikikutana, athari zake zinapandiana. Mtu anapumua mara chache, kwa kina kifupi, midomo inabadilika rangi, na hajui kwa sababu amelala. Mwezi Agosti 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza onyo la ngazi ya juu kabisa liwekwe kwenye karatasi za dawa za pande zote mbili kwa sababu ya mchanganyiko huu. Na anayejaribu kuacha Valiamu mara nyingi hajaacha kweli. Bado ana akiba chini ya godoro, na usiku ukimwelemea anamezea juu ya tramadoli.

Ya pili ni kifafa. Hii wengi hawaijui, hata baadhi ya wauzaji. Tramadoli ina tabia ambayo mofini haina kwa kiwango hicho: inaushusha ule ukuta unaozuia ubongo kupata kifafa, na inaweza kufanya hivyo hata kwa dozi iliyoandikwa kwenye pakiti. Mtu anayeacha Valiamu ghafla, ukuta wake tayari umebomoka nusu. Ukimpa tramadoli unautoa ule uliobaki. Kama ningetakiwa kuchagua dawa moja tu ya maumivu ya kumnyima mtu aliye kwenye arosto ya benzodiazepini, ningechagua hii, na ndiyo inayoombwa kuliko zote. Pethidini ya sindano nayo ina shida ya aina hiyo, kwa sababu mabaki yake mwilini huchokoza ubongo.

Kwa hiyo dawa ileile inaweza kukuzimisha pumzi ukiwa bado una Valiamu mwilini, na kukuangusha kifafa Valiamu ikiisha.

Je, dawa ya kikohozi yenye kodeini? Si ni ya maji tu?

Maji yasikudanganye. Kodeini ikifika kwenye ini inageuzwa kuwa mofini. Watu hatufanani katika hilo: wapo ambao ini lao halibadilishi karibu chochote, na wapo wanaobadilisha haraka mno, wakapata mofini nyingi kutoka kijiko kilekile. Hao wenye kasi ni wengi zaidi katika sehemu yetu hii ya Afrika, hasa Ethiopia, kuliko Ulaya. Huwezi kujua uko upande gani kwa kujitazama kwenye kioo. Jirani yako kunywa akaamka salama hakukupi wewe dhamana yoyote.

Lakini Valiamu niliandikiwa na daktari. Mimi si teja.

Ni kweli, na naomba tuliache neno hilo kwa leo. Kuna uraibu, ambapo mtu anakimbizana na dawa hata inapomharibia kazi na nyumba. Na kuna utegemezi wa mwili, ambao unampata hata bibi aliyemeza kidonge kimoja kila usiku kama alivyoelekezwa, tangu alipofiwa na mume. Mwili hauulizi cheti kilitoka wapi.

Dawa hizi zilipoingia sokoni zilipokelewa kama neema. Leo Sternbach, mkemia wa kampuni ya Hoffmann-La Roche, ndiye aliyegundua ya kwanza, na iliuzwa kuanzia 1960; Valiamu ikafuata 1963. Zilionekana salama kuliko zile za usingizi zilizotangulia, na kwa kipimo cha siku chache ni salama kweli. Mpaka leo diazepamu ni mkombozi kwa mtu aliye katikati ya kifafa kisichokatika, kwa anayeacha pombe, kwa mgonjwa wa pepopunda. Shida inaanza pale cheti cha wiki mbili kinapokuwa cha miaka miwili kwa sababu hakuna aliyeuliza. Septemba 2020 FDA iliongeza kwenye karatasi za dawa hizi onyo kuhusu utegemezi na arosto, miaka 60 baada ya ile ya kwanza kuuzwa.

Nitajuaje kama ni arosto au ni malaria?

Kwa kuangalia tu, huwezi. Jasho, kutetemeka, kichwa kuuma, kichefuchefu, mwili kuchoka: vyote viko pande zote mbili. Pima. Kipimo cha haraka cha malaria kipo hata zahanati ya kijijini. Nimeona watu waliokunywa dawa mseto mara tatu ndani ya mwezi mmoja kwa "malaria isiyoisha" iliyokuwa inaanza kila wakishindwa kununua vidonge vyao vya usingizi.

Tazama kalenda pia. Alprazolamu na lorazepamu zinatoka mwilini haraka, arosto inaweza kuanza ndani ya siku moja au mbili. Diazepamu inakaa muda mrefu, na mabaki yake marefu zaidi, kwa hiyo mtu anaweza kuacha Jumatatu, akajisifu hadi Ijumaa, kisha mwisho wa wiki ndiyo dunia inamwinamia. Kwa sababu ya kuchelewa huko hahusishi tena na Valiamu. Anatafuta mchawi mwingine.

Sasa nishuke vipi?

Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu hii ndiyo tiba yenyewe.

Usiache ghafla kama umetumia kila siku kwa zaidi ya wiki chache. Hata ukisikia mhubiri, mganga au shemeji anasema tupa leo. Arosto ya afyuni inatesa, lakini kwa mtu mzima mwenye afya anayepata maji ya kutosha ni nadra kuua. Arosto ya benzodiazepini inaweza kuua, kwa kifafa na kuchanganyikiwa akili. Watu wengi wanadhani ni kinyume chake, kwa sababu ya mateja wanaowaona wakigaragara mtaani.

Profesa Heather Ashton wa Newcastle, Uingereza, aliendesha kliniki ya watu wanaoacha dawa hizi kuanzia 1982 hadi 1994, na namna aliyoifuata ndiyo inayotumika sehemu nyingi mpaka sasa: mgonjwa anahamishiwa kwenye diazepamu inayokaa mwilini muda mrefu, kisha dozi inapunguzwa kidogo kidogo, kwa kasi anayoihimili yeye. Miongozo ya karibuni inapendekeza kuanza kwa kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya dozi uliyonayo kila wiki 2 hadi 4.

Kuhama nako kuna mtego. Kwa hesabu za Ashton, nusu miligramu ya alprazolamu inalingana takriban na miligramu 10 za diazepamu. Kidonge kinaonekana kidogo, kumbe mzigo ni mkubwa. Ndiyo maana hesabu hii ifanywe na daktari au mfamasia, usiifanye kwa kulinganisha ukubwa wa vidonge kiganjani.

Nitoe mfano, usiuige. Mtu anameza miligramu 10 za diazepamu kila usiku, na anapata vidonge vya miligramu 5 tu. Robo ya kidonge ni 1.25. Akitoa robo moja anabaki na 8.75, anakaa hapo wiki mbili au nne, kisha 7.5, kisha 6.25, kisha 5. Hesabu inaonekana nyepesi, ingawa hata hapo kila hatua tayari imepita ile asilimia 10. Lakini akifika 2.5, robo ileile sasa ni nusu ya dozi yake nzima, na hapo wengi wanaanguka na kujilaumu kwamba ni dhaifu. Udhaifu haupo hapo, ni hesabu tu: hatua imekuwa kubwa. Mwishoni hatua zinatakiwa kuwa ndogo zaidi, na hapo vidonge vya miligramu 2, au dawa ya maji ikipatikana, vinasaidia. Uliza. Kuna siku tunaweza kuagiza.

Ukipata wiki mbaya, simama ulipo. Usirudi juu kwa pupa, usishuke pia. Msiba, mitihani, mavuno ya zabibu ukiwa kibarua shambani Hombolo kuanzia alfajiri: hizo si wiki za kupunguza. Safari nazo. Hesabu vidonge kabla ya kupanda treni kwenda Dar, usije ukakwama huko siku nne bila dawa.

Itachukua miezi. Kwa waliotumia miaka mingi, pengine mwaka na zaidi. Najua hukutaka kusikia hivyo.

Hakuna dawa yoyote ya kunisaidia njiani?

Zipo za kusaidia dalili, na daktari ndiye anachagua. Propranololi inapunguza mapigo ya moyo na kutetemeka, ila haizuii kifafa, na mwenye pumu haimfai. Kabamazepini hutumika kwa baadhi ya waliokuwa kwenye dozi kubwa. Fenobabitoni inapita karibu na mlango uleule wa GABA, na hospitalini hutumika kwa arosto nzito, mgonjwa akiwa kitandani na muuguzi karibu. Nyumbani ni hatari kama ilivyo hatari Valiamu. Amitriptilini ambayo watu wanapeana kwa ajili ya usingizi nayo inaweza kushusha ule ukuta wa kifafa.

Kwa maumivu ya misuli na kichwa yanayokuja na arosto, parasetamoli kwa kipimo chake inatosha wengi.

Na kuna msaada usiouzwa. Mazungumzo ya tiba na mshauri aliyefunzwa yanaongeza nafasi ya mtu kufika mwisho. Chai ya rangi saa kumi jioni, energy kopo mbili kwa ajili ya zamu ya usiku, halafu unalalamika hulali: hapo nitakusema hata mbele ya foleni.

Nikinywa kidogo usiku badala yake? Glasi ya mvinyo wa hapa hapa.

Mvinyo wa Dodoma nauheshimu, zabibu zetu ni nzuri. Lakini pombe inakanyaga breki ileile ya GABA. Unakuwa umehamisha deni kutoka duka moja kwenda jingine. Mnajua kuzimua: mtu ameamka na mning'inio, anakunywa tena ili atulie. Pombe juu ya arosto ya Valiamu ni kuzimua kwa muda mrefu, na mwisho wake unaujua. Wanzuki, gongo, bia ya kopo, hakuna tofauti. Pombe pamoja na tramadoli pamoja na diazepamu ndiyo mchanganyiko ambao sitaki hata kuuota.

Niko kwenye methadoni Itega, na Valiamu imenishika pia. Niache methadoni kwanza?

Usiache methadoni. Hili ni swali tofauti na yote ya juu, kwa sababu kwako afyuni ina kazi yake halali. Methadoni inatibu utegemezi wa heroini. Tanzania Bara huduma hiyo ilianza Muhimbili mwezi Februari 2011, ikasambaa, na kwa Dodoma iko Itega chini ya Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Unakunywa mbele ya muuguzi kila siku kwa sababu dawa hiyo ina nguvu na inakaa mwilini muda mrefu.

Methadoni haikuondolei arosto ya Valiamu, hata wakikuongezea dozi. Wapo wanaoomba waongezewe kwa sababu hawalali, kumbe kinachowaamsha ni diazepamu iliyokwisha. Mwambie muuguzi ukweli. Unaogopa atakufukuza; naelewa. Lakini mwaka 2017 FDA yenyewe ilitoa tamko kwamba mgonjwa asinyimwe tiba ya methadoni au buprenofini kwa sababu tu anatumia benzodiazepini, maana hatari ya kuachwa bila tiba ni kubwa zaidi. Wakijua, watakupangia kushuka Valiamu ukiwa umeshikilia methadoni. Wasipojua, watapima dozi ya leo bila kujua ulichomeza jana usiku. Hilo ndilo linaloua.

Nina maumivu ya kweli. Nilivunjika nyonga, naandikiwa tramadoli, na Valiamu natumia muda mrefu. Nifanye nini?

Usijitoe yoyote kati ya hizo mwenyewe. Nenda kwa aliyekuandikia, peleka pakiti zote mbili mkononi, na sema waziwazi: "Natumia hivi vyote." Mara nyingi daktari wa mifupa hajui alichoandika daktari wa akili, na kadi za kliniki ni mbili tofauti. Kuna wagonjwa, wa saratani kwa mfano, wanaohitaji mofini na dawa ya wasiwasi kwa pamoja, na wanapewa kwa dozi ndogo, kwa uangalizi. Kukutana kwa dawa hizi si dhambi. Ninachokataa ni kukutana kwake gizani.

Ukienda upasuaji, hospitali yoyote, mwambie mtu wa nusukaputi kuhusu Valiamu hata asipokuuliza.

Mjamzito?

Usiache ghafla, usiongeze tramadoli, nenda kliniki wiki hii. Mtoto anaweza kuzaliwa amelegea au na arosto yake, na wakunga wakijua mapema wanajiandaa.

Baba yangu ana miaka 74, anameza ya usingizi tangu zamani. Nimwambieje?

Baada ya shikamoo, mwulize ameanguka mara ngapi mwaka huu. Wazee dawa hizi zinawayumbisha, zinawasahaulisha, na mfupa wa nyonga wa mzee ukivunjika ni safari ndefu. Tramadoli juu yake inaongeza kizunguzungu na kufunga choo. Usimfichie vidonge. Mzee aliyefichiwa vidonge na watoto wake kwa nia njema anaweza kupelekwa hospitali na kifafa siku ya nane, na nyumba nzima ikadhani ni kiharusi. Mpeleke kliniki, ashushiwe dozi ukiwa naye, polepole kuliko kijana.

Niliandikiwa sipro ya mkojo nikiwa napunguza, hali ikawa mbaya ghafla. Inahusiana?

Inawezekana sana. Siprofloksasini na ndugu zake hubughudhi vipokezi vilevile vya GABA. Kila ukiandikiwa antibayotiki, taja kwamba uko kwenye kupunguza benzodiazepini, ili ikiwezekana wachague nyingine.

Mbona kuna duka mtaani wananiuzia zote mbili bila cheti?

Kwa sababu wanavunja sheria. Duka la dawa muhimu haliruhusiwi kuuza diazepamu wala tramadoli. Famasi inaruhusiwa, kwa cheti. Sitataja mtu, lakini nimewahi kupokea mteja akiwa na vidonge vilivyofungwa kwenye kipande cha gazeti, bila jina, bila miligramu, ameambiwa "vya kutuliza". Tulikaa naye dakika 20 tukijaribu kujua alichomeza. Hatukujua.

Wakinipeleka Mirembe watu watasemaje?

Watasema. Hapa mjini jina hilo limekuwa la utani kwa miaka mingi, na mpaka leo ukikosea hesabu kijiweni utaambiwa urudi Mirembe. Lakini hospitali hiyo ipo tangu miaka ya 1920, ina kliniki ya wagonjwa wa nje, na mtu anaingia asubuhi na kurudi nyumbani mchana na cheti chake kama aliyeenda kung'oa jino. Huko ndiko waliko watu wanaoshusha dozi kila siku kama kazi. Ukiona bado ni vigumu, anzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa, uombe kuonana na daktari wa afya ya akili.

Dada yangu alianguka kanisani akatetemeka, wakasema ni pepo. Alikuwa ameacha vidonge wiki moja kabla.

Maombi sitayapinga, endeleeni nayo njiani kuelekea hospitali. Kifafa cha kuacha dawa kinaweza kujirudia ndani ya masaa. Mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni, msimshike kwa nguvu, na mkifika mtajeni jina la dawa na siku aliyoacha. Siku aliyoacha ndiyo habari muhimu kuliko zote.

Ameshachanganya. Mke wangu amemeza Valiamu na tramadoli, nifanye nini usiku huu?

Mwite kwa sauti, msugue kifuani kwa vifundo vya vidole. Hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Zikiwa chini ya 10, au anakoroma kama anakabwa, au midomo na kucha zinabadilika rangi, au haamki: hospitali sasa, kwa gari lolote. Pikipiki haimfai mtu asiyejishika. Mlaze ubavu, kichwa nyuma kidogo, mdomo ukielekea chini ili akitapika asipaliwe. Akiacha kupumua, mpulizie mdomo kwa mdomo. Usimnyweshe maziwa, usimnyweshe kahawa, usimmwagie maji, usimwache "alale zipungue".

Beba pakiti zote. Hospitali wana naloksoni, inayoondoa athari ya afyuni, lakini haigusi Valiamu, na inaisha mwilini mapema kuliko baadhi ya afyuni zenyewe. Kwa hiyo akizinduka akasema yuko sawa, turudi nyumbani, msirudi. Ipo pia dawa inayoondoa athari ya benzodiazepini, flumazenili, ila kwa aliyezoea Valiamu inaweza kumletea kifafa palepale, ndiyo maana daktari anaweza kukataa kuitumia hata ukimsihi.

Kama anaamka, anaongea vizuri na anapumua kawaida, usilale. Kaa naye mpaka asubuhi, kisha mwende pamoja. Asiongeze kidonge cha aina yoyote, na asijiamulie kuacha vyote kesho.

Nimemaliza. Miezi 14. Nimebakiwa na vidonge 11, niviweke kwa dharura?

Hongera sana. Vilete dirishani. Mwili wako umesahau dozi ya zamani, na kile ulichokuwa unakimeza bila kuyumba mwaka juzi sasa kitakuangusha. Jirani asiyelala usimgawie. Ukinikuta nina foleni, subiri kidogo pale kwenye benchi.